Soka ya Ujerumani kabla ya Bundesliga: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ukisikiliza mabishano ya vijiweni, historia ya ligi ya Ujerumani huanza Agosti 1963, ilipozaliwa Bundesliga, ligi moja ya taifa. Kabla ya hapo watu hudhani palikuwa kiza kitupu: nchi imeshindwa vita, imekatwa vipande, watu wanahangaikia mkate, nani angekuwa na nguvu ya kucheza mpira? Takwimu zinazosambazwa kila wiki nazo huongeza tatizo, kwa sababu huhesabu ubingwa na mabao kuanzia mwaka huo tu. Naiona hiyo kuwa dhuluma kwa kizazi kizima cha wachezaji. Kwa miaka 18 daraja la juu la soka ya Ujerumani Magharibi lilikuwa ligi za kanda zilizoitwa Oberliga, na ndizo zilizolea mabingwa wa dunia wa 1954. Yafuatayo ni baadhi ya yanayosemwa mara kwa mara kuhusu ligi hizo, na ukweli wake.

"Vita viliua mpira, ukafufuka miaka mingi baadaye"

Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei 1945. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, hata miezi sita haijatimia, Oberliga ya Kusini ilianza katika eneo lililokuwa chini ya jeshi la Marekani. Zilikuwa timu 16, kutoka Stuttgart, Nürnberg, Fürth, Munich, Augsburg, Schweinfurt, Frankfurt, Offenbach, Mannheim na Karlsruhe. Mabomu yalikuwa yameibomoa mingi ya miji hiyo, usafiri ulikuwa wa kubahatisha na chakula kiligawiwa kwa kadi. Hata hivyo ligi ilichezwa nyumbani na ugenini, mechi 30 kwa kila timu, na bingwa akapatikana kwa tofauti ya pointi moja tu: VfB Stuttgart, mbele ya 1. FC Nürnberg.

Msimu huo mshambuliaji wa Stuttgart, Robert Schlienz, alifunga mabao 46. Gerd Müller aliweka rekodi ya Bundesliga kwa mabao 40 msimu wa 1971-72, na Robert Lewandowski akaivunja kwa mabao 41 msimu wa 2020-21. Dunia nzima iliimba habari hizo, lakini jina la Schlienz halikutajwa sana. Ni kweli ile ilikuwa ligi ya kanda moja, tena katika mwaka ambao mabeki wengi walikuwa wametoka vitani juzi. Lakini ilikuwa ligi ya daraja la juu kabisa kwa wakati wake, na mabao ni yaleyale.

Schlienz ana kisa kingine ambacho kila mpenda soka angepaswa kukijua. Agosti 1948, akiwa njiani kwenda kwenye mechi, gari alilokuwa akiendesha lilipinduka na mkono wake wa kushoto ukakatwa. Alikuwa na miaka 24. Kocha wake, Georg Wurzer, hakumwacha. Alimfundisha upya namna ya kuanguka na kusimamisha mwili, akamrudisha nyuma kutoka safu ya ushambuliaji hadi kiungo, na kabla mwaka haujaisha Schlienz alikuwa uwanjani tena. Akiwa nahodha mwenye mkono mmoja aliiongoza Stuttgart kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 1950 na 1952, na Kombe la Ujerumani mwaka 1954 na 1958. Timu ya taifa ilimwita mara tatu.

"Walioshinda vita ndio walioivunja ligi ya Ujerumani vipande"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na ina chembe ya ukweli ndani yake.

Hapakuwa na ligi ya taifa ya kuvunja. Tangu bingwa wa kwanza, VfB Leipzig mwaka 1903, Wajerumani walikuwa wakicheza mashindano ya kanda kwanza, kisha washindi wakakutana kwa mtoano hadi fainali. Utawala wa Wanazi ulipanga upya kanda hizo ukaziita Gauliga, ila utaratibu ukabaki uleule. Kwa hiyo mwaka 1945 watu walirudi kwenye kitu walichokizoea.

Walichofanya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti, walioikalia nchi kila mmoja na eneo lake, ni kuchora mipaka na kuamua nani aanze lini. Desemba 1945 Baraza la Udhibiti la madola yaliyoshinda liliagiza jumuiya zote za michezo za enzi ya Wanazi zivunjwe. Kila jeshi lilitekeleza agizo hilo kwa namna yake. Wamarekani waliacha vilabu vya kusini viendelee na majina yao. Wafaransa walikaza zaidi, hata Freiburger FC ikalazimika kucheza kwa jina la VfL Freiburg. Berlin ndiko ilikotisha zaidi: vilabu vya zamani viliondolewa kabisa na mahali pake pakawekwa vikundi vya michezo vya mitaa. Hertha ikawa SG Gesundbrunnen, Tennis Borussia ikawa SG Charlottenburg, na bingwa wa jiji msimu wa 1945-46 alikuwa SG Wilmersdorf, timu ambayo leo hata shabiki sugu hawezi kuikumbuka. Katika eneo la Waingereza, yaani Hamburg, Hannover na bonde zima la Ruhr, Oberliga za Kaskazini na Magharibi hazikuanza hadi vuli ya 1947.

Kwa hiyo anayesema Oberliga zote tano zilizaliwa siku moja amekosea pia. Msimu wa kwanza ulikuwa na Kusini, Kusini-Magharibi iliyoongozwa na 1. FC Saarbrücken, na Berlin peke yao. Hapakuwa na bingwa wa taifa mwaka 1946 wala 1947.

Na swali kubwa zaidi ni hili: kama kanda zilikuwa adhabu ya wageni, mbona zilidumu hadi 1963, miaka mingi baada ya Ujerumani Magharibi kujitawala? Jibu liko kwa Wajerumani wenyewe. Vyama vya soka vya kanda vilikuwa na nguvu na mapato yao, na havikutaka kuyaachia. Ilibidi mkutano mkuu wa chama cha soka, DFB, uliofanyika Dortmund tarehe 28 Julai 1962, upige kura. Kura 103 zilikubali ligi moja, 26 zikakataa.

"Ubingwa wa 1948 haukuwa na uzito"

Nimeona watu wakiuita mashindano ya kubahatisha. Msimu wa 1947-48 ndio wa kwanza ambamo Oberliga zote tano zilichezwa, nao ulikuwa mgumu hasa. Kusini peke yake kulikuwa na timu 20, yaani mechi 38 kwa kila klabu. Kaskazini zilikuwa timu 12 tu. Huko Hamburger SV (HSV) na jirani zao FC St. Pauli walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, ikabidi ipigwe mechi ya ziada ili HSV wapate taji.

Timu nane zilistahili kuingia robo fainali. Zilikuwa saba uwanjani. SG Planitz, bingwa wa eneo la Wasovieti, alipangwa kucheza na Nürnberg mjini Stuttgart, lakini wakuu wake walimnyima ruhusa ya kusafiri. Union Oberschöneweide ya Berlin ilifungwa 7-0 na St. Pauli wakati jiji lao lilikuwa limezingirwa na Wasovieti. TuS Neuendorf, klabu ya Koblenz, iliiondoa HSV.

Zaidi ya hayo, tarehe 20 Juni fedha ya zamani ilifutwa ikaingia marki mpya, na kila mtu akaanza na marki 40 mkononi. Wiki saba baadaye, tarehe 8 Agosti, watu 75,000 walijaa uwanjani Köln kutazama fainali. Sehemu ya marki zile chache walikuwa tayari kuitoa kwa ajili ya mpira. Nürnberg ya Max Morlock iliifunga 2-1 Kaiserslautern ya ndugu wawili, Fritz na Ottmar Walter. Sioni fainali iliyokuwa na uzito kuliko hiyo.

"Upande wa mashariki walijitenga wenyewe tangu mwanzo"

Wachezaji na mashabiki hawakujitenga, bali waliotawala ndio waliofunga milango. Planitz ile iliyozuiwa mwaka 1948 iliingizwa katika timu ya ZSG Horch Zwickau, nayo ikawa bingwa wa kwanza wa ligi ya Ujerumani Mashariki mwaka 1950. Ilitwaa taji Dresden, nyumbani kwa SG Friedrichstadt, kwa ushindi wa 5-1 ambao wenyeji waliuona kuwa umepikwa. Watazamaji waliingia uwanjani kwa hasira. Baadaye Friedrichstadt ikavunjwa na wachezaji wake wengi wakahamia Magharibi, akiwamo Helmut Schön.

Mwaka huohuo Union Oberschöneweide, klabu ya Berlin Mashariki, ilifuzu tena mashindano ya ubingwa wa Ujerumani Magharibi ikanyimwa ruhusa ya kusafiri. Safari hii wachezaji walivuka mpaka, wakacheza dhidi ya HSV mjini Kiel, wakafungwa 7-0. Wengi wao hawakurudi tena upande ule. Waliunda klabu mpya Berlin Magharibi.

Schön alipata kazi ya kuifundisha timu ya taifa ya Saarland, nchi ndogo iliyotengwa na Ujerumani na kuwekwa chini ya Ufaransa, iliyokuwa na uanachama wake FIFA. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 1954 ilikutana na Ujerumani Magharibi yenyewe ikafungwa mechi zote mbili. Miaka 20 baadaye Schön alibeba Kombe la Dunia akiwa kocha wa Ujerumani Magharibi.

"Walicheza kwa mapenzi tu, pesa haikuwapo"

Mapenzi yalikuwapo, na njaa pia. Kabla ya fedha mpya, vilabu vikubwa vilizunguka vijijini kucheza mechi za kirafiki ili vilipwe viazi, unga na nyama ya nguruwe. Baada ya hapo ukaja mfumo wa mchezaji wa mkataba: alilipwa na klabu, ila mwisho ulikuwa marki 320 kwa mwezi na ilimpasa awe na kazi nyingine. Bila shaka bahasha za chini ya meza zilipita. Bado tofauti na Italia ilikuwa kubwa mno, na ndiyo maana Horst Szymaniak alikwenda Catania mwaka 1961 na Helmut Haller akaenda Bologna mwaka 1962. Uwe Seeler aliikataa Inter mwaka 1961 akabaki Hamburg, akiendelea na kazi yake ya kuuza bidhaa za Adidas. Kupotea kwa nyota namna hii ndiko kulikowasukuma viongozi waikubali ligi moja ya kulipwa.

"Bayern imetawala siku zote"

Bayern Munich haikuwahi kutwaa ubingwa wa Oberliga ya Kusini hata mara moja. Msimu wa 1954-55 ilishika mkia ikashuka daraja. Bundesliga ilipoanza haikuwamo kati ya timu 16 za kwanza, kwa sababu Munich iliwakilishwa na klabu yake nyingine, TSV 1860, mabingwa wa Kusini wa mwaka huo. Hadi 1987 klabu iliyokuwa na ubingwa mwingi Ujerumani ilikuwa Nürnberg.

"Ligi za kanda, soka ya kanda"

Wakosoaji wana hoja mahali pamoja. HSV ilitwaa ubingwa wa Kaskazini mara 15 katika misimu 16, na mechi nyingi huko hazikuwa na ushindani.

Lakini tazama kikosi kilichoanza fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, tarehe 4 Julai 1954, kilichowafunga Hungary 3-2. Kusini-Magharibi ilitoa watano, wote wa Kaiserslautern: ndugu wawili Walter, Eckel, Kohlmeyer na Liebrich. Turek, Rahn na Schäfer walitoka Magharibi, Morlock na Mai Kusini, Posipal Kaskazini. Na wiki sita tu kabla ya siku hiyo, Kaiserslautern hiyohiyo ilikuwa imechapwa 5-1 na Hannover 96 katika fainali ya ubingwa wa taifa. Hannover haikuwa na mchezaji hata mmoja katika kikosi kilichokwenda Uswisi. Hapo ndipo unaona kina cha soka kilichokuwa kimetawanyika katika kanda hizo. Mwaka 1960 Eintracht Frankfurt, klabu ya Oberliga ya Kusini, iliifunga Rangers ya Glasgow 6-1 na 6-3 katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, kabla ya kufungwa 7-3 na Real Madrid ya Di Stéfano na Puskás.

"Mwaka 1963 walichaguliwa walio bora"

Walichaguliwa kwa hesabu ya matokeo ya miaka 12 pamoja na masharti ya fedha na viwanja, na nafasi ziligawiwa kwa kanda: tano Kusini, tano Magharibi, tatu Kaskazini, mbili Kusini-Magharibi, moja Berlin. Uamuzi uliozua malalamiko makubwa ulikuwa wa kuichukua Saarbrücken na kuiacha jirani yake Borussia Neunkirchen, iliyokuwa juu yake kwenye msimamo msimu huo. Saarbrücken ilimaliza ya mwisho ikashuka. Kiangazi cha 1964 waliopanda kuziba nafasi zilizoachwa wazi walikuwa Hannover 96 na Neunkirchen.