Vunja jungu, kongosho na siri ya mnywaji

Kila unapokaribia mwezi mtukufu wapo wanaoiaga pombe kwa kunywa zaidi. Siku za mwisho za Shaaban mtu hunywa kwa pupa, mwezi ukiandama anaacha ghafla. Kwa aliyezoea kunywa kila siku, hapo pana hatari mbili, na huku kwetu Zanzibar zote hufunikwa na aibu.

Ya kwanza ni kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya mfuko wa chakula, kinachotoa insulini na vimeng'enya vya kusaga chakula. Pombe ikizidi, vimeng'enya huanza kazi kabla ya kufika utumbo mdogo, vikakishambulia kiungo chenyewe. Maumivu hukaa juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni. Mgonjwa hawezi kulala chali. Huinama mbele kakumbatia tumbo, huku anatapika. Nyumbani wanasema vidonda vya tumbo, anapewa dawa ya asidi, usiku unapita. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala asihukumiwe, maana mawe ya kifuko cha nyongo huleta maumivu hayo hayo kwa mama ambaye pombe hajaionja maishani. Yakijirudia, na sigara ikiongezeka, kongosho hudhoofika moja kwa moja: choo kinakuwa cha mafuta, uzito unashuka, kisukari kinaingia.

Ya pili ni huko kuacha ghafla. Siku ya kwanza mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio. Ndani ya siku mbili anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne akaona watu wasiokuwepo. Familia inasema kapandwa na shetani, linaandikwa kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji ili anywe. Dua siipingi hata kidogo, lakini hali hii inaua, na dawa zake ziko hospitali. Anayekunywa kila siku na anataka kuacha, na aache, ila aonane na daktari kabla Ramadhani haijaingia.

Ini ndilo linalotudanganya kwa ukimya wake. Kwanza hujaa mafuta, na mafuta hayo mara nyingi huondoka wiki chache tu baada ya kuacha pombe. Akiendelea, ini huvimba, kisha hushika makovu, na makovu yakishaenea hayarudi nyuma kwa wepesi. Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu, miguu kuvimba, tumbo kujaa maji, kutapika damu: hizo ni dalili za mtu aliyekwisha kuchelewa. Mwenye virusi vya homa ya ini B hufika huko mapema zaidi, kwa hiyo pima. Mwanamke naye huumia kwa pombe kidogo kuliko ile inayomuumiza mwanamume.

Watu huniuliza kiasi gani ni salama. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Kichupa cha mililita 200 cha pombe ya asilimia 35 kina gramu 55. Gongo haina kipimo kabisa, na ikichanganyika na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, hupofua macho.

Tatizo letu kubwa ni jibu la "Astaghfirullah, daktari!" mgonjwa anapoulizwa mbele ya mama mkwe kama anakunywa. Daktari anaamini, anatafuta ugonjwa mwingine, na siku ya pili degedege linamkuta mgonjwa wodini bila ya kinga. Nduguze mgonjwa, tokeni nje dakika tano. Na wewe mgonjwa, omba kuzungumza na daktari peke yenu. Unachomwambia ni siri yake na yako. Unguja unaweza kuanzia hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba zipo hospitali za Chake Chake, Wete, na Abdalla Mzee kwa watu wa Mkoani. Nenda na dawa zote unazotumia, hata Panadol, kwani zikizidi nazo huliumiza ini la mnywaji.