Si makato yote ni ushuru: kusoma hati ya mwisho ya mshahara

Kuanzia mashamba ya maua ya Naivasha hadi viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil, mtu akitoka kazini na kupata pungufu ya alivyotarajia, lawama huwa moja: KRA, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, imekula. Mara nyingi KRA haihusiki, au imepelekewa zaidi ya ilichostahili kwa sababu mhasibu hakupiga hesabu inavyotakiwa.

Makato ni pesa yoyote inayotolewa kabla malipo hayajakufikia. PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, ni sehemu tu ya makato hayo. Kuna NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kuna SHIF (mfuko wa bima ya afya) ya asilimia 2.75, kuna ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5. Halafu yapo madeni yako mwenyewe: mkopo wa Sacco, advansi (mshahara uliochukua mapema), siku ulizokosa kazini bila ruhusa, notisi ya kuacha kazi uliyokataa kuitumikia. Hayo hayaendi KRA hata senti.

Penye matatizo hasa ni pale mwajiri anapojumlisha malipo yote ya mwisho na kuyatoza ushuru kama mshahara wa mwezi mmoja. Chukua mtu ambaye mapato yake ya kutozwa ushuru ni shilingi 36,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2025, 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. 8,333 zinazofuata asilimia 25, yaani 2,083.25, 3,667 zilizobaki asilimia 30, yaani 1,100.10. Ondoa nafuu ya ushuru ya kila mwezi, yaani 2,400, PAYE ni 3,183.35. Sasa alipwe mshahara wa mwezi wa mwisho pamoja na 36,000 nyingine badala ya notisi. Zikiunganishwa kuwa 72,000, PAYE inaruka hadi 13,983.35. Zikitenganishwa, kila moja katika mwezi wake, jumla ni 6,366.70. Tofauti ni 7,616.65, na wala kiwango cha ushuru hakijabadilika. Kilichotokea ni kwamba ngazi za chini na nafuu vimetumika mara moja badala ya mbili.

Malipo ya badala ya notisi huhesabiwa katika kipindi kinachofuata tarehe ya kuondoka. Malipo ya likizo isiyochukuliwa hurudishwa katika kipindi ilichochumwa. Fidia ya kukatizwa mkataba wa muda maalumu husambazwa katika miezi iliyokuwa imesalia. Ukipata kazi nyingine mara moja, nafuu ya mwezi huo ni moja tu, kwa hiyo usiitarajie mara mbili.

Ushuru wa nyumba nao hukatwa kwenye mshahara wa msingi na marupurupu ya kila mwezi. Kiinua mgongo na fidia ya kupunguzwa kazini havimo. Ukiona asilimia 3, umetozwa pia sehemu ya mwajiri, na hiyo ni yake kulipa.

Kwa upande wa madeni, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakiruhusu makato yote kwa pamoja kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Makato ya Sacco yanahitaji ombi lako la maandishi. Tena, usidai malipo ya utumishi chini ya kifungu cha 35 ikiwa ulikuwa mwanachama wa NSSF, hayo hayakuhusu. Waliopunguzwa kazini wanadai fidia ya kifungu cha 40, isiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Kwa hiyo usiulize KRA imekula ngapi. Omba mchanganuo wa maandishi: kila malipo kwa jina lake na kipindi chake, kila kato kwa jina lake. PAYE ikiwa imezidi, chukua fomu P9 (taarifa ya mwajiri ya mshahara na PAYE yako ya mwaka), jaza ritani ya ushuru kabla ya Juni 30 mwaka unaofuata na uombe kurejeshewa. Lakini kato la mwajiri lisilo na msingi halirudishwi na KRA. Hilo lipeleke kwa afisa wa kazi, au katika Mahakama ya Ajira iliyoko Kisumu au Nakuru.