Jiswichi: umeme unapotafutiwa mpini

Nyoka akizidi ukubwa ni joka, mtu ni jitu, kisu ni jisu. Basi na swichi iliyopita kiasi tuiite jiswichi, maana filamu na hadithi za vitisho zimejaa vitu hivi na havina jina katika mazungumzo yetu. Jiswichi ni ule mpini mrefu uliofungwa ukutani, ambao mhusika hauwashi kwa kidole. Anaushika kwa mikono miwili, anatazama nyuma, anavuta pumzi, kisha anaushusha kwa uzito wa mwili wake wote. Kishindo, cheche, halafu jengo zima linawaka, au linazimika, au kilicholala juu ya meza kinafumbua macho.

Watengenezaji filamu hawakukibuni kitu chenyewe. Zamani swichi za namna hiyo zilikuwa za kazi kweli, na kwa kuwa sehemu yake inayotembea ni bapa refu la shaba, tunaweza kuziita swichi za kisu. Upande mmoja bapa limeshikwa na bawaba. Upande wa pili linaingia katikati ya vipande viwili vya shaba vinavyolibana kama taya. Ubao wa nyuma ulikuwa wa jiwe, mara nyingi marumaru, kwa sababu jiwe halishiki moto wala halipitishi umeme kirahisi. Hakuna kifuniko. Kilichokutenga na mauti ni mpini wa mbao tu.

Na cheche nazo si uongo mtupu. Ukivuta bapa litoke katika taya wakati umeme mwingi unapita, umeme haukubali kukatika hapo hapo. Unaruka ule mwanya, hewa inapata moto mpaka yenyewe inageuka kuwa njia, na unaona upinde wa mwanga unaorefuka kadiri unavyovuta. Umeme wa majumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde hufika sifuri mara 100, na upinde hupata nafasi ya kufa. Vituo vya mwanzo, kama kile cha mvumbuzi Thomas Edison kilichowashwa New York mwaka 1882, vilitoa umeme usiogeuka mwelekeo, nao upinde wake ni mkaidi. Ndiyo maana fundi alitakiwa avute haraka, bila kusitasita. Yule mhusika wa filamu anayeshusha mpini polepole huku akicheka angeunguza shaba, na pengine vidole.

Siku hizi kazi hiyo inafanywa ndani ya kisanduku. Meni swichi ya nyumbani ina springi inayoachanisha vipande vyake vya ndani kwa kasi hata ukiivuta kivivu, na cheche zinafia ndani. Usalama umeongezeka, tamasha limekwisha. Hadithi ndizo zilizokataa kuliacha vazi la zamani.

Aliyelivalisha vazi hilo sinema, kwa kiasi kikubwa, ni filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na James Whale, hadithi ya mtaalamu anayeunda kiumbe na kukitia uhai. Mitambo ya maabara yake, yenye kupiga radi na kutoa moshi, ilikuwa ya fundi Kenneth Strickfaden, na watu waliiga sura yake miaka mingi baadaye. Cha ajabu ni kwamba ukifungua riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, ambako hadithi hiyo ilitoka, huvikuti hivyo vyote. Ni usiku wa Novemba, mvua inapiga madirishani, mshumaa unakaribia kwisha, na kiumbe kinafumbua jicho. Basi. Mwandishi alikuwa na maneno ya kuuingia moyo wa mhusika. Kamera inahitaji kitu cha kutazama.

Na hapo ndipo siri ya jiswichi ilipo. Umeme hauna sura. Uamuzi nao hauna sura. Mtu anaweza kuamua kuangamiza mji mzima akiwa amekaa kimya kwenye kiti, na sisi watazamaji tusione kitu. Mpe mpini, na uamuzi unapata uzito, kimo na sauti. Tunaona anavyousogelea. Tunaona mwenziwe akimkimbilia kumzuia. Mpini ukiwa juu, bado kuna nafasi ya kutubu. Ukifika chini, imekwisha. Simu yenye kitufe cha kugusa ingefanya kazi ile ile kwa nusu sekunde, na hadithi ingekufa palepale.

Kuna lile jiswichi jingine, la kuangamiza. Katika filamu ya mwaka 1935 iliyoendeleza hadithi ya Frankenstein, mpini mmoja wa maabara ukivutwa jengo lote linalipuka, na mwishowe unavutwa. Ni nani aliyejifungia mpini kama huo kwenye kazi yake mwenyewe, na kwa faida gani, haulizwi mtu. Waliolelewa na ngano hawahitaji kuuliza. Bibi akishasema nyumba ina vyumba saba na cha saba kisifunguliwe, tunajua ufunguo utatumika wapi. Mpini ulioandikwa "usiguse" ni chumba cha saba kilichotiwa waya.

Sisi wa visiwani tuna sababu yetu ya kulitazama jiswichi kwa jicho la pembeni. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Mwaka 2008 njia hiyo iliharibika na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi. Disemba 2009 ikatokea tena, na giza likaendelea mpaka Machi 2010. Pemba nayo ilitegemea majenereta ya dizeli mpaka ilipounganishwa na Tanga kwa kebo yake, mwaka huo huo wa 2010. Katika miezi ile mitatu ya kandili na maji ya kuteka, hapakuwa na mpini wa kukimbilia. Hapakuwa na mtu wa kumzuia wala wa kumsihi. Kasoro ilikuwa kwenye njia ya umeme, na sisi mitaani hatukuwa na pa kwenda na taa ya mkononi tukasema, "Hii hapa." Filamu inakudanganya hasa kwenye jambo hili, kuliko kwenye cheche: inakuahidi kwamba yuko mtu mmoja, mahali pamoja, mwenye mkono juu ya mpini.

Na umeme uliporudi tulijua vipi? Kwa watoto. Mtaa mzima unapiga kelele "Umerudi!", mafeni yanaanza kuzunguka, redio iliyosahauliwa inaropoka katikati ya sentensi.

Jiswichi la kweli nililopata kuliona likiendeshwa lilikuwa kwenye harusi. Ni ile swichi ya kuhama kutoka gridi kwenda jenereta, yenye mkono kama wa breki. Taa zilizimika bibi harusi akiwa njiani kuingia. Fundi, kijana mwembamba mwenye kofia ya kiua, alipenya kati ya masufuria ya biriani, akaushika mkono ule na kuubwaga upande wa pili kwa kishindo. Kinamama wakapiga vigelegele. Hawakujua kwamba jenereta lilikuwa halijawashwa.