Kabla hujaambiwa gesi imeisha: bodi ya kiyoyozi cha baridi na joto inavyofanya kazi

Mwezi Juni ukiingia, watu wa Njombe, Makete, Mufindi, Arusha hadi Limuru huanza kutumia upande wa kiyoyozi ambao hawakuugusa kwa miezi mingi, yaani upande wa joto. Mtu anafika ofisini saa mbili asubuhi, anachukua rimoti, anabonyeza mpaka alama ya jua itokee, anaweka nyuzi 24 na kusubiri. Taa inawaka lakini hewa haitoki. Baada ya dakika moja anazima na kuwasha. Bado kimya. Anazima tena. Hapo ameshaamini kwamba mashine imekufa, na akimpigia fundi asiye na subira ataambiwa gesi imeisha.

Mara nyingi mashine hiyo ni nzima kabisa. Kwenye joto, vali ya njia nne iliyo kwenye mashine ya nje hugeuza mwelekeo wa gesi, na koili ya ndani (mabomba yanayopitiwa na hewa ya chumba), inayozoea kuwa baridi, ndiyo inayopata moto. Bodi, yaani kadi ya elektroniki inayoiongoza mashine, haiachii feni ya ndani mpaka sensa ya bomba iseme koili imeshapata joto la kutosha, kwa sababu feni ikianza mapema itawapulizia watu baridi. Asubuhi yenye ukungu hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa. Juu ya hapo, kila kompresa (pampu inayosukuma gesi) inapozimwa bodi huizuia kuwaka tena kwa takriban dakika 3, ili presha ya pande mbili za mabomba isawazike. Kompresa ikilazimishwa kuanza huku presha ya upande mmoja ingali juu, huvuta umeme mwingi mno na inaweza kuungua. Sasa ukizima kompresa ikiwa imeshaanza, hesabu inaanza upya. Aliyewasha na kuzima mara tatu anaweza kuwa amejicheleweshea joto mwenyewe kwa dakika kadhaa. Ushauri wangu hapa ni mfupi: bonyeza mara moja, weka rimoti mezani, endelea na kazi.

Tuiangalie bodi yenyewe. Kinachoiambia hali ya chumba ni sensa ndogo, kila moja ukubwa wake kama punje ya maharage. Moja iko nyuma ya chujio na hupima hewa inayoingia. Nyingine imechomekwa kwenye bomba la shaba la koili ya ndani. Huko nje kuna moja, mbili au zaidi, kutegemea aina ya mashine. Hizi ni thamista, na ukinzani wake, yaani kiasi zinavyouzuia umeme, hushuka joto linapopanda. Bodi hutafsiri ukinzani huo kuwa nyuzi, halafu ndipo inaamua kuwasha kompresa, kugeuza vali, kuongeza au kupunguza mwendo wa feni. Haina njia nyingine ya kujua kama wewe unatetemeka au unatokwa jasho. Kwa hiyo mbele ya kiyoyozi kinachogoma, swali la kwanza ni: bodi inaona nini?

Nitoe mfano tunaokutana nao karakanani na ambao huwatoa watu pesa nyingi bure. Sensa ya chumba imekatika, fundi akaweka nyingine iliyofanana kwa sura. Ya mwanzo ilikuwa ya kilo-omu 10 (kilo-omu ni kipimo cha ukinzani, sawa na omu elfu moja) kwenye nyuzi 25, hii mpya ni ya kilo-omu 5. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini bodi iliyopangiwa kilo-omu 10 ikisoma 5, inaelewa kwamba chumba kina zaidi ya nyuzi 40. Ukiiomba joto inakataa, maana kwa hesabu yake chumba kinachemka. Ukiiomba baridi haisimami, kompresa inazunguka mchana kutwa na umeme wa LUKU unakwisha. Mwenye mashine anaambiwa bodi imeungua. Ananunua bodi, wanairudishia sensa ileile, na tatizo linabaki palepale. Kumbe kifaa kilichokosewa ni kati ya vile vya bei ndogo kabisa ndani ya mashine hiyo.

Kuipima si kazi ngumu. Chomoa soketi ya sensa kwenye bodi baada ya kukata umeme, weka mita kwenye omu. Ya kilo-omu 10 itasoma karibu na 10 chumba kikiwa na nyuzi 25. Ishike kwenye kiganja: namba ianze kushuka taratibu na bila kurukaruka. Itumbukize kwenye kikombe cha maji yenye barafu: ipande hadi karibu kilo-omu 30. Ikisoma sifuri, imeshoti. Isiposoma kitu, imekatika. Ikirukaruka, unyevu umeingia ndani, na hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mashine itafanya kazi Jumatatu na kugoma Alhamisi. Kabla ya kununua nyingine, uliza thamani iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine au kwenye mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko. Zipo za kilo-omu 5, 10, 15, 20 na hata nyingine.

Kuhusu matumizi, mambo si mengi. Kwenye joto nyuzi 20 hadi 22 zinamtosha mtu aliyevaa sweta. Kwenye baridi 24 hadi 26. Kuweka 30 hakuharakishi joto kwenye mashine ya mwendo mmoja, kwa kuwa kompresa inazunguka kwa kasi ileile, ila itachelewa kusimama. Hewa ya moto hupanda juu, na sensa iko juu huko huko, hivyo elekeza mapezi chini unapopasha joto. Kwenye baridi yaache yatazame mbele. Ile hali ya otomatiki, ambapo bodi huchagua yenyewe kati ya baridi na joto, siipendekezi kwa ofisi za nyanda za juu. Asubuhi kuna baridi, saa nane jua linapiga dirishani, na mashine inaweza kuanza kugeukageuka. Chagua mwenyewe. Faida ya kupasha joto kwa kiyoyozi ni kwamba mashine inahamisha joto kutoka nje hata kama nje kuna baridi. Katika hali nzuri, uniti moja ya umeme huleta karibu uniti tatu za joto chumbani, wakati hita ya waya inatoa uniti moja tu ya joto kwa uniti moja ya umeme. Ndiyo maana inaniuma kuona hita ya waya imewekwa chini ya kiyoyozi kizima ambacho hakuna aliyejua kukitumia.

Sehemu zenye baridi kali, kama Kitulo na baadhi ya vijiji vya Makete, kuna jambo lingine linalowashtua watu. Mashine inapasha vizuri, ghafla feni ya ndani inasimama, inasikika "tak" huko nje ikifuatwa na mlio kama wa upepo kwenye bomba, kisha mvuke mweupe unafuka kutoka mashine ya nje. Wengine wamekimbilia swichi kuu wakidhani ni moshi. Hapo bodi inayeyusha barafu. Koili ya nje wakati wa kupasha joto huwa baridi kuliko hewa, na hewa ikikaribia nyuzi 5 au chini yake, unyevu unaganda juu ya koili. Sensa ya nje ikiliona hilo, bodi inarudisha vali upande wa baridi kwa dakika chache ili koili ya nje ipate moto, barafu iyeyuke, maji yachuruzike. Iache imalize. Hakikisha tu maji hayo yana pa kwenda.

Mashine ikigoma kweli, anza na rimoti. Ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe, utazame kioo cha simu: mwanga wa zambarau ukimemeta, rimoti inatuma. Kamera za nyuma za simu nyingine huchuja mwanga huo, kwa hiyo jaribu pia ya mbele. Usipouona, badilisha betri na usugue vibati vyenye kutu. Chini ya kifuniko cha mashine ya ndani kuna kitufe cha dharura. Mashine ikiwaka kwa kitufe hicho, bodi na kompresa vinafanya kazi, na tatizo ni rimoti au kipokezi chake.

Taa zikianza kupepesa au kioo kikaonyesha herufi na namba, usikimbilie kuzima. Piga video ya dakika moja kwanza. Huo ni ujumbe wa bodi kuhusu ilichokiona, na umeme ukikatwa unaweza kupotea. Onyo moja: alama E1 kwenye mashine ya kampuni moja inaweza kuwa sensa, kwa nyingine ikawa mawasiliano kati ya ndani na nje. Orodha zinazosambazwa kwenye makundi ya simu bila jina la kampuni wala modeli zimeharibu kazi nyingi. Tumia kitabu cha modeli yako. Baada ya kurekodi, zima swichi kuu dakika 5, washa. Alama ileile ikirudi, acha, muite fundi.

Kwa fundi, nianze na usalama. Bodi ya nje ya mashine ya inveta, ile ambayo kompresa yake hubadilisha mwendo, ina kapasita kubwa zinazobeba volti 300 na zaidi za umeme wa moja kwa moja (DC), nazo hubaki na umeme baada ya swichi kuzimwa. Subiri angalau dakika 10, kisha pima. Usiguse mpaka mita isome chini ya volti 50. Usizishoti kwa bisibisi. Pia fahamu kwamba kwenye baadhi ya bodi hizo hata nyaya za sensa hazijatenganishwa na umeme mkubwa, kwa hiyo waya mwembamba usikudanganye.

Bodi "iliyokufa" isiyowasha hata taa, tazama fyuzi, mara nyingi ya ampia 3.15, na varista, kile kisahani cha rangi kilicho karibu nayo. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, varista hujitoa mhanga na fyuzi inakatika. Badilisha zote mbili kwa thamani ileile. Kuweka waya badala ya fyuzi ni kuiondolea nyumba ulinzi. Vikiwa vizima, fuatilia umeme mdogo: volti 12 za relei (swichi zinazoendeshwa na bodi) na volti 5 za chipu. Na kabla ya yote, fungua macho: mjusi aliyekauka juu ya bodi na sisimizi kwenye relei nimewaona mara nyingi kuliko chipu iliyoungua. Pwani, Tanga na Mombasa, chumvi hula miguu ya vifaa. Huko chagua bodi iliyopakwa lakiri ya kinga.

Ikiwa baridi inatoka vizuri lakini joto halitoki, au kinyume chake, tafuta vali. Pima kama bodi inapeleka umeme kwenye koili ya vali (sumaku ya umeme inayoigeuza) unapoomba joto, maana mashine nyingi tunazouziwa huku huipelekea umeme wakati wa joto tu, ingawa zipo zinazofanya kinyume. Umeme ukifika na koili ikiwa nzima lakini husikii "tak", vali imekwama. Umeme usipofika, rudi kwenye relei ya bodi. Usiiwashe koili ikiwa imechomolewa nje ya vali, itaungua. Kwenye inveta ambayo mashine ya ndani na ya nje haziwasiliani, angalia kwanza kama laini na nyutro hazikubadilishwa nafasi kati ya ndani na nje. Kosa hilo dogo hunyamazisha mawasiliano kwenye modeli nyingi.

Na gesi? Mfumo wa kiyoyozi umefungwa, gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua kuna mahali inavuja, na alama ya mafuta kwenye nati za mabomba huonyesha pa kuanzia. Kuongeza bila kuziba ni kuimwaga hewani, wakati marekebisho ya Itifaki ya Montreal (mkataba wa kulinda tabaka la ozoni) yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanatutaka tupunguze matumizi ya gesi nyingi za aina hii. Na fundi anayefunga geji akumbuke mashine iko upande gani: kwenye joto, bomba nene ambalo wakati wa baridi hubeba presha ndogo ndilo linalobeba presha kubwa. Geji ya presha ndogo inaweza kuharibika papo hapo, na mtu akaumia.

Bodi ikithibitika imekufa, tafuta ya modeli ileile. Piga picha ya kila waya kabla ya kuchomoa, na linganisha swichi ndogo na viunganishi vya kuchagua modeli kati ya bodi ya zamani na mpya. Zile bodi za jumla zinazouzwa kwa mashine zote ni nafuu na zinafanya baridi itoke, lakini nyingi hazina nafasi ya sensa za nje, hivyo hazijui kuyeyusha barafu wala kuilinda kompresa ipasavyo. Kwa mashine ya baridi tupu ya Dar es Salaam naweza kuikubali kwa shida. Kwa mashine inayopasha joto Njombe, hapana.

Mwite fundi mwezi Mei, kabla ya kipupwe, na usisaini kazi mpaka umeona mashine ikiendeshwa pande zote mbili. Kwenye baridi, baada ya dakika 15, hewa inayotoka iwe chini ya inayoingia kwa takriban nyuzi 8 hadi 12. Kisha aizime, asubiri dakika zake tatu, aweke alama ya jua, na mkae pamoja mpaka feni ianze yenyewe.