Kwa nini sungura wa ndani huogopa vigae?

Kwa miezi miwili sungura wetu aliishi juu ya kizulia cha kufutia miguu. Sebule yote ilikuwa yake, vigae vyeupe vinavyopigwa deki kila asubuhi, lakini akifika ukingoni mwa kizulia ananyoosha shingo, ananusa, anagusa kigae kwa mguu mmoja wa mbele, kisha anarudi nyuma. Tukamwita mwoga. Mpwa wangu alishikilia kwamba anaogopa kelele za jirani wa juu anayeburuta viti usiku. Kumbe kilichomtisha ni sakafu, na mwenye makosa nilikuwa mimi niliyeichagua kwa sababu ni rahisi kusafisha.

Nilidhani mguu wa sungura ni kama wa paka. Geuza mguu wa paka uone vile vinundu vya ngozi visivyo na nywele, laini lakini vinavyoshika. Mbwa anavyo pia. Sasa mgeuze sungura, taratibu na ukimwegemeza makalio vizuri, maana akirusha teke hewani kwa hofu anaweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Utakuta manyoya tu, mazito, kuanzia vidoleni mpaka kisiginoni. Hakuna kinundu hata kimoja.

Aliyesoma shule yenye sakafu ya saruji iliyopakwa nta nyekundu ameshaelewa. Unavua viatu, unabaki na soksi, unakimbia hatua tatu, zinazofuata si zako tena. Sungura amevaa soksi nne asizoweza kuzivua. Kinachomshikilia ardhini ni kucha, nazo hufanya kazi kama njumu: zinataka kitu cha kuzama ndani yake. Njumu hizo ukizivaa uwanja wa Nyayo utapiga chenga. Ukiingia nazo benki, utaingia ukitambaa ukutani.

Na ni mnyama wa udongo kweli. (Si yule Sungura wa hadithi anayemlaghai Fisi. Yule wa porini kwetu hachimbi mashimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa ndani asili yake ni Uhispania na Ureno, ni mchimbaji, na watoto wake huzaliwa uchi, wamefumba macho. Kiswahili kimewapa jina moja, nao hawajalalamika.)

Baada ya vigae nikafanya kosa la pili. Wafugaji wengi wa sungura wa nyama huwaweka kwenye vizimba vya sakafu ya waya: kinyesi kinaanguka chini, mkojo unakingwa na kuuzwa kama mbolea ya majani. Nikajiambia, kama wenye kazi yao wanatumia waya, waya ndio dawa. Haitelezi, hiyo ni kweli.

Lakini fikiria siku mfereji umekauka na unabeba mtungi wa lita 20 ambao mkono wake ulivunjika, fundi akaufunga waya. Maji ni yaleyale, uzito ni uleule, lakini kabla ya ghorofa ya pili vidole vimekuwa vyeupe. Waya umebana damu ikakimbia. Zungushia kitambaa, uzito unasambaa kwenye kiganja chote, unafika ya nne. Wewe unautua mtungi; sungura hawezi kujitua. Akikaa, na hukaa sehemu kubwa ya mchana, uzito hulala sehemu ya nyuma ya mguu, karibu na kisigino, ambapo ngozi ni nyembamba na mfupa uko hapohapo chini yake. Kwenye udongo kucha zingezama na vidole vingebeba sehemu yao. Kwenye kitu kigumu kucha husukumwa juu, hasa zikiwa ndefu, na mzigo unarudi kisiginoni. Manyoya yanalika, ngozi inakuwa nyekundu, kisha kidonda.

Hii haimaanishi kila sungura wa kwenye waya ana vidonda. Unene huchangia, unyevu huchangia, na aina ya Rex, wenye manyoya mafupi kama mahameli, huumia upesi zaidi hata ukiwatunza vizuri. Zulia chakavu lililolowa mkojo nalo litamuumiza, maana ngozi iliyolowa huchubuka haraka.

Kwa hiyo sasa vigae vyetu vimefunikwa. Chini kuna blanketi la pamba kutoka mitumba ya Gikomba, lililokunjwa mara mbili, na Julai baridi inapopanda kutoka sakafuni hata mimi huliazima. Juu yake mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Mazulia yenye vitanzi vya nyuzi niliyaacha kwa sababu kucha hunasa. Yale mazulia ya sponji ya watoto, yanayopachikwa kama fumbo, yanashika vizuri lakini sungura huyatafuna, na sungura hawezi kutapika: alichomeza lazima kipite au kizibe.

Ukindu pia anautafuna. Ameanza na pembe ya kushoto, karibu na bakuli la maji, na kwa kasi hii Desemba nitakuwa sokoni tena. Lakini jana alikimbia sebule nzima, akaruka hewani, akajipinda kiuno, akatua.