Shoo za laivu Mtwara na Lindi: ngoma isiishie kumpokea mgeni rasmi

Msimu wa korosho ukishachanganya, kuanzia Oktoba hivi, hela inaingia na mapromota nao wanaingia, kila wiki kuna mtu ofisini anataka kufanya shoo, iwe uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara mjini au kiwanja cha shule huko Tandahimba. Mi kama afisa utamaduni huwa naomba kwanza ratiba. Na ratiba ni ile ile miaka nenda miaka rudi: saa tisa mchana kikundi cha ngoma, saa kumi mgeni rasmi, halafu dijei, halafu usiku mnene msanii kutoka Dar anaimba juu ya plebeki, yani wimbo uliokwisharekodiwa. Ukimuuliza promota mbona wasanii wa hapa hawapo anakushangaa, si wapo, hao hapo saa tisa!

Hapo ndo penye tatizo. Kupewa robo saa juani wakati watu bado wako sokoni, huku MC anaongea juu ya wimbo wako kwamba msafara wa mheshimiwa umefika, hiyo siyo kushirikishwa. Kushirikishwa kunaonekana kwenye vitu vinne tu: saa unayopanda, saundi unayopewa, hela unayolipwa na jina lako kwenye posta. Mengine ni hotuba.

Tuanze na saundi maana ndo inaua vikundi vingi. Fundi mitambo wengi wetu wamezoea maiki mbili za waimbaji na laptop. Sasa inakuja sindimba, ile ngoma ya Wamakonde, ina ngoma nne tano za ukubwa tofauti, anasimamisha maiki moja katikati anaona kamaliza, matokeo yake ngoma kubwa inameza kila kitu, kinganga, ile ngoma ndogo, hakisikiki na mwimbishaji ndo kabisa anabaki kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Weka walau maiki tatu, moja karibu na kinganga, moja kwa ngoma kubwa, moja kwa mwimbishaji, na wape muda wa kufanya saundi cheki kama unavompa yule wa Dar.

Halafu kuna moto. Ngoma ya ngozi inakazwa kwa moto, ngozi ikilegea kwa ubaridi wa usiku au unyevu wa bahari haitoi mlio unaotakiwa, kwaiyo wapigaji wanawasha majani makavu au makuti wanazisogeza ngoma pale huku wanagonga gonga na kusikiliza. Nimeshaona mlinzi anakuja kuumwagia ule moto maji akidhani wahuni wanachezea kiwanja, na kikundi kikapanda na ngoma zimelegea, watu wakasema hawa hawajui kupiga. Panga sehemu ya moto nyuma ya steji, mbali na jenereta na nyaya, weka ndoo ya mchanga, mwambie na mlinzi. Haigharimu kitu.

Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, nayo ina yake. Anayevaa kinyago hatakiwi kujulikana, mwili mzima unafunikwa, sasa we unamwambia akabadilishie nguo nyuma ya spika mbele ya watoto wanaochungulia? Ndo maana vikundi vingine vikialikwa vinakataa, na promota anasema wana maringo. Zungushia makuti au turubai, na uache njia ya kutokea ambayo haipiti kwenye umati.

Kuhusu kimo cha steji wengi hawajawahi kukifikiria. Sindimba inachezwa watu wakiwa wamezunguka, ukiipandisha juu ya jukwaa la mita moja na nusu umeshaikata nusu. Na msanii mwenye kiti cha magurudumu anapandaje hapo? Kipimo kinachotumika sana cha mteremko wa njia ya kiti hicho ni moja kwa kumi na mbili, yani steji ya mita 1 inahitaji njia ya mita 12, ya nusu mita inahitaji mita 6. Kwaiyo shusha steji, umemaliza mambo mawili kwa mpigo na mbao zimepungua. Hii siyo hisani, Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ndani yake kuna haki ya kushiriki maisha ya utamaduni, na mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe. Msanii mwenye ualbino pia usimpange saa tisa mchana bila kivuli, mpange jioni.

Wanawake je? Uingereza taasisi ya PRS Foundation ilianzisha mpango unaoitwa Keychange, matamasha yakaahidi nusu ya wanaopanda wawe wanawake au jinsia zinazoachwa pembeni, lengo lilikuwa ifike 2022. Huku kwetu nusu kwa nusu hata isingekuwa ngumu maana vikundi vya kina mama vimejaa, tatizo ni kwamba mama hawezi kupanda saa nane usiku halafu akatafute bodaboda ya kurudi Mikindani na hela ya shoo mkononi. Wape saa mbili usiku, muda ambao watu wapo, na gari la kuwarudisha. Ila nyimbo za unyago waulize manyakanga wenyewe, yani makungwi wa unyago, ipi inafaa kuimbwa hadharani na ipi inabaki ndani, wakisema hii hapana basi ni hapana, usitafute njia ya kona.

Na wanaosema ngoma haiuzi waangalie Sauti za Busara pale Zanzibar, lipo tangu 2004, msimamo wao ni muziki wa laivu, na vikundi vya asili vinapanda steji ile ile wanayopanda bendi kubwa. Hapa hapa Mtwara kulianzishwa tamasha la MaKuYa kwa ajili ya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, na watu walikuwa wanajaa.

Kwenye malipo sina maneno mengi. Kikundi cha watu ishirini kupewa pilau, soda na bahasha ya mtu mmoja ni dharau. Andikianeni mkataba, hata ukurasa mmoja, nauli ya Fuso kutoka kijijini iandikwe peke yake, na hela ikabidhiwe mbele ya wanakikundi wote siyo kwa mwenyekiti gizani. Kikundi ambacho hakijasajiliwa BASATA, yani Baraza la Sanaa la Taifa, kisiachwe kwa sababu hiyo, kije kwa afisa utamaduni wa halmashauri tukielekeze.

Promota ukija na ratiba njoo kabla hujachapa posta. Ikishabandikwa stendi na gari la matangazo limeshapita mitaani, hakuna anayekubali kubadilisha saa ya mtu.