Maji Kwanza, Miche Baadaye: Kazi ya Kujitolea Msituni

Wengi wanaojitolea kutunza msitu huja wakitaka kupanda miti. Mimi ninayeratibu kazi hizo huwakabidhi majembe na kuwapeleka mahali wasipopatarajia, yaani kwenye ukingo wa njia ambako maji yameshindwa kutoka.

Nyayo za wapitaji hushindilia udongo hadi ukashindwa kunywa maji. Mvua inaponyesha, njia yenyewe hugeuka mfereji, na kadiri maji yanavyozidi kwenda kasi ndivyo yanavyobeba kwanza vumbi, kisha mchanga, hatimaye changarawe, mpaka mizizi ya miti inabaki wazi. Palipo tambarare maji hutuama. Watu hulikwepa tope kwa kukanyaga miche iliyo kando, na njia iliyotosha mtu mmoja huzidi kupanuka kila msimu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatoa maji njiani kabla hayajapata kasi. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, kama sentimita 5 kwa kila mita 1 ya upana. Baada ya muda, udongo na majani hujikusanya kwenye ukingo wa chini na kuwa tuta linaloyazuia maji yasitoke. Kulivunja tuta hilo hakupendezi kwenye picha, lakini sijui kazi nyingine inayookoa njia kwa jasho dogo hivyo. Penye mteremko mkali tunachimba vijitaro vinavyoikata njia kwa mshazari wa takriban nyuzi 45, kwa kuwa kijitaro kinachoikata moja kwa moja hupunguza kasi ya maji ghafla, mchanga hutua, na baada ya mvua chache kimejaa. Ipo pia kanuni kwamba mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inapopita. Ukizidi, maji hufuata njia badala ya kuivuka, na hapo ni heri kuihamisha kuliko kuendelea kuchimba.

Magugu vamizi yang'olewe na mizizi yake udongo ungali na unyevu na kabla hayajatoa mbegu, kwani mengi yakifyekwa tu huchipua tena. Mti ulioanguka ukatwe upana wa njia peke yake. Hapa mimi hubishana sana na wageni wanaotaka kuuondoa wote, ilhali gogo linalooza ni makao ya wadudu na kuvu, na msitu si ua wa kufagiliwa. Viatu na zana zisafishwe kabla ya kuhamia msitu mwingine, kwa sababu magonjwa ya mizizi, yakiwemo yale yaletwayo na vimelea viitwavyo Phytophthora, husafiri kwenye tope.

Njia ya Appalachian nchini Marekani, iliyokamilishwa mwaka 1937 na yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, ambao wengi wao hukabidhiwa kipande maalumu cha kurudia mara kwa mara. Utaratibu huo naupendelea kuliko siku moja ya umati, maana anayerudi hutambua kijitaro kipi huziba upesi. Akague kipande chake mvua inaponyesha, aweke vijiti pale maji yanapoingia njiani na pale yanapokwama, kisha arudi na jembe udongo ukishapungua utelezi.